Diski ya Nje Isiposomeka: Namna ya Kutafuta Chanzo Bila Kupoteza Data

Diski ya nje iliyokuwa ikisomeka jana inaweza kuchomekwa leo na kompyuta ikatoa moja kati ya majibu matatu: ikakaa kimya kana kwamba hakuna kilichochomekwa, ikaonyesha jina la diski lakini folda zikagoma kufunguka, au ikaleta kidirisha kinachodai kwamba diski hiyo ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Jibu la tatu ndilo linaloponza wengi, kwa maana kitufe cha kukubali kiko tayari kubofywa na aliyeketi mbele ya kompyuta ana haraka ya kupata faili zake. Kidirisha hicho kifunge kwa kughairi. Windows haijasema kwamba data zimepotea. Imesema tu kwamba haikuelewa ilichokikuta mwanzoni mwa diski, na mara nyingi picha, nyaraka na video zote bado zipo pale pale zilipoandikwa.

Kanuni inayotawala mwongozo huu ni moja: usiandike chochote kwenye diski yenye hitilafu mpaka uwe umenakili kilichomo. Programu nyingi zinazojitangaza kuwa zinatengeneza diski hufanya hivyo kwa kuandika juu yake, na zikikosea hufuta kile hasa ulichotaka kukiokoa. Ndiyo maana tunaanza na umeme na kebo, ambavyo kuvikagua hakuna madhara, tunaendelea na uchunguzi wa kusoma tu, kisha tunanakili, na matengenezo yanakuja mwisho kabisa.

Sikiliza kwanza

Ikiwa diski yako ni ya sahani zinazozunguka, iweke juu ya meza iliyo imara, ichomeke, na uisogelee kwa sikio kwa muda mfupi. Diski isiyo na hitilafu huanza kwa mvumo unaopanda taratibu hadi mota ifikie kasi yake, ambayo kwa diski nyingi za nje ni mizunguko 5400 kwa dakika, kisha husikika mikwaruzo midogo ya vichwa vya kusomea vikihama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ukishika kasha lake utahisi mtetemo mwepesi usiobadilika. Ukisikia na kuhisi hayo, una matumaini makubwa kwamba mitambo ni mizima na tatizo liko kwenye kebo, kwenye bodi ya USB (bodi ndogo inayounganisha diski na kebo) au kwenye mfumo wa faili, yaani mpangilio ambao kompyuta hutumia kuhifadhi na kutafuta faili.

Mlio wa "tak, tak, tak" unaorudiarudia kwa mpangilio ule ule ni habari nyingine. Maana yake kwa kawaida ni kwamba vichwa vinatafuta alama za mwongozo zilizoandikwa juu ya sahani, havizioni, vinarudi kwenye maegesho yake na kujaribu tena. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, kwa hiyo kichwa kilichopinda au kuvunjika huweza kukwangua tabaka lenye data kila kinapopita. Izime diski mara moja na usiiwashe tena kwa ajili ya "kujaribu mara moja ya mwisho", kwa sababu jaribio hilo huenda likala faili ambazo mtaalamu angeweza kuziokoa. Mlio mwembamba wa "bip" unaokatika na kuendelea, bila mvumo wowote, huonyesha kwamba mota inashindwa kuzunguka. Wakati mwingine sababu ni umeme mdogo tu, na wakati mwingine ni vichwa vilivyonasa juu ya sahani. Badilisha kebo na tundu la USB kwa mara moja, na mlio ukiendelea, achana nayo.

Diski iliyoanguka ikiwa inazunguka, au iliyoingia maji, ipewe heshima hiyo hiyo hata kama haitoi mlio wowote. Usiikaushe kwa moto wala kwa kikaushia nywele, na usiiwashe ili kuona kama imepona.

Hapa ni mahali pa kuzika ushauri kadhaa unaozunguka miaka na miaka. Kuiweka diski ndani ya friza kunaleta mvuke unaoganda juu ya sahani na kugeuka matone pindi diski inapopata joto. Kuipigapiga kwa kiganja ni kucheza bahati nasibu na kichwa kinachoelea kwenye nafasi isiyotosha hata chembe ya vumbi. Kulifungua sanduku la sahani ukiwa sebuleni ni kuingiza vumbi hilo kwa mikono yako. Na kung'oa bodi ya saketi ya diski nyingine ya aina ile ile ili kuibandika kwenye yako, ingawa kulikuwa kunafaa kwa diski za zamani, siku hizi hakutoshi, kwa sababu bodi hiyo hubeba chipu yenye vipimo vya pekee vya diski moja tu, na chipu hiyo nayo inabidi ihamishwe.

Diski za nje za aina ya SSD, ambazo huhifadhi data kwenye chipu, hazina mota wala vichwa, hivyo hazitoi dalili ya sauti. Kwa hizo angalia kama taa inawaka, kama kasha linapata joto lisilo la kawaida, na kama kompyuta inaitambua kwa sekunde chache kisha inaipoteza.

Umeme na kebo

Hatua hii huonekana ya kitoto, na wengi huiruka kwenda moja kwa moja kupakua programu za kuokoa data, ilhali hapa ndipo matatizo mengi huishia. Diski ndogo ya inchi 2.5 haina adapta yake. Hupata umeme wote kupitia kebo ya USB. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900, wakati mota ya diski, katika sekunde zile za kuanza kuzunguka, huweza kudai karibu ampea nzima. Kebo ndefu, nyembamba au iliyochakaa hupunguza umeme huo zaidi, na diski hubaki ikianza na kukata, ikianza na kukata, jambo linalofanana mno na ugonjwa wa mitambo.

Kwa hiyo chomoa kila kitu kisichohitajika, kisha ichomeke diski kwenye kompyuta yenyewe bila kupitia habu isiyo na umeme wake. Kama kompyuta ni ya mezani, tumia matundu ya nyuma, ambayo yako kwenye bodi mama, badala ya yale ya mbele yaliyounganishwa kwa waya wa ndani. Badilisha kebo kwa nyingine fupi unayojua kuwa nzima. Diski nyingi za inchi 2.5 hutumia plagi pana ya USB 3.0 yenye umbo la visanduku viwili vilivyoungana, na plagi hii hulegea upesi: iangalie kwa tochi uone kama tundu lake limepinda, kisha itikise kwa wepesi sana huku ukitazama taa. Taa ikizimika na kuwaka, umeshapata mshukiwa wa kwanza. Kwa diski za USB-C, kumbuka kwamba kebo nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kuchajia tu na hazipitishi data ipasavyo, ingawa kwa macho zote ni sawa.

Diski kubwa ya inchi 3.5 hutumia adapta, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta na yaliyo kwenye kasha la diski, uhakikishe kwamba volti zinalingana. Plagi ya adapta ya kompyuta ya mpakato, ambayo mara nyingi hutoa volti 19, huweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu la diski na kuunguza bodi yake kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Mwisho wa hatua hii, jaribu kompyuta nyingine kabla ya kuilaumu diski. Ikisomeka huko, tatizo liko kwenye kompyuta yako: ondoa draiva ya diski hiyo (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana nayo) kwenye Device Manager, chomoa diski, washa kompyuta upya, kisha ichomeke tena ili draiva ijisakinishe yenyewe.

Kompyuta inaona nini hasa?

Diski kutoonekana kwenye orodha ya folda hakumaanishi kwamba kompyuta haijaiona. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, na dirisha la Disk Management litafunguka. Sehemu ya chini ya dirisha hilo huonyesha kila diski kwa mstari wake, na maneno machache yaliyoandikwa hapo yanatosha kupunguza kazi ya kubahatisha kwa kiasi kikubwa. Kwa macOS fungua Disk Utility na uchague kuonyesha vifaa vyote, au andika diskutil list kwenye Terminal. Kwa Linux, lsblk huorodhesha diski na vizigeu vyake, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, na dmesg hueleza kilichotokea tangu ulipochomeka.

Hali nyepesi kuliko zote ni kukuta kizigeu kikiwa kizima lakini hakina herufi, labda kwa sababu herufi yake imechukuliwa na kifaa kingine. Bofya kitufe cha kulia, chagua kubadilisha herufi, kipe nyingine iliyo huru, na kazi imekwisha. Vivyo hivyo diski iliyoandikwa Offline hurudishwa kwa kubofya kitufe cha kulia juu ya jina lake na kuchagua Online.

Ukikuta neno RAW, Windows imekiona kizigeu lakini haikuutambua mfumo wake wa faili. Kabla ya kuhitimisha kwamba umeharibika, jiulize diski hiyo ilitumika wapi mara ya mwisho. Diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa APFS, ambao Apple iliuleta kwenye kompyuta za Mac mwaka 2017, haisomwi na Windows bila programu ya ziada, na hali ni hiyo hiyo kwa HFS+ au kwa ext4 ya Linux. Kwa upande wake, macOS husoma diski ya NTFS lakini haiandiki juu yake, jambo linalowafanya wengine waamini kwamba diski imejifunga. Mfumo wa exFAT ndio unaoelewana na pande zote. Kuna pia suala la usimbaji fiche, yaani kufunga data zisisomeke bila ufunguo: diski iliyofungwa kwa BitLocker ya Windows huhitaji nywila au ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye diski, au kwenye karatasi ambayo hakuna akumbukaye ilikowekwa.

Neno Unallocated likichukua upana wote wa diski, jedwali la vizigeu, yaani orodha ya mahali kila kizigeu kinapoanzia na kuishia, limepotea au limeharibika. Neno Not Initialized linafanana na hilo, na Windows itajitolea kuandika jedwali jipya. Likatae ombi hilo pia. Tazama zaidi ukubwa unaoonyeshwa. Diski ya terabaiti 1 huonekana kama gigabaiti 931 hivi kwenye Windows, na hilo ni la kawaida, kwa kuwa Windows huhesabu kwa vizio vya 1024. Lakini ikiwa ukubwa ni sifuri, au haupo kabisa, au ni namba isiyoeleweka, basi bodi ya USB inajibu huku diski yenyewe iliyo nyuma yake haijibu. Hapo hakuna programu itakayosaidia, kwani hakuna programu inayoweza kusoma kisichojibu.

Kuitoa diski ndani ya kasha

Bodi ya USB huweza kufa peke yake na kuiacha diski ikiwa nzima. Kwa diski nyingi za inchi 3.5, na baadhi ya zile za inchi 2.5, ndani ya kasha la plastiki mna diski ya kawaida ya SATA (muunganisho unaotumika ndani ya kompyuta) iliyochomekwa kwenye bodi ndogo, na unaweza kuitoa na kuiunganisha kwenye adapta nyingine au kwenye kompyuta ya mezani. Hii si sawa na kufungua sanduku la sahani, ambalo ni la chuma na limefungwa kwa skrubu zake lenyewe, hilo usiliguse.

Kuna mitego miwili hapa, na inafaa kuijua kabla ya kushika bisibisi. Wa kwanza ni kwamba watengenezaji wengi wa diski ndogo wameliweka tundu la USB moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hivyo hakuna SATA ya kuchomeka popote. Wa pili ni mgumu zaidi kuubaini. Bodi nyingine za USB husimba fiche kila kinachoandikwa, hata kama mwenye diski hakuwahi kuweka nywila. Ukiitoa diski nje ya kasha hilo utaona takataka tupu. Bodi nyingine tena huiambia kompyuta kwamba diski ina sekta (vipande vidogo ambavyo data huandikwa ndani yake) za baiti 4096, ilhali diski yenyewe bila bodi hujitambulisha kwa sekta za baiti 512. Jedwali la vizigeu huhesabu mahali kwa idadi ya sekta, kwa hiyo hesabu iliyoandikwa kwa kizio kimoja ikisomwa kwa kingine, kizigeu hutafutwa mahali pasipo pake na Windows hutangaza kuwa diski ni tupu. Aliyeitoa diski yake na kuikuta RAW au Unallocated asifikirie kwanza kwamba imeharibika. Airudishe ndani ya kasha lake, au atafute kasha lenye bodi ya aina ile ile.

Pima afya kabla ya kuigusa

Diski ikijibu kwa ukubwa wake sahihi, soma taarifa zake za SMART, yaani kumbukumbu za afya yake ambazo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye Windows programu ya bure ya CrystalDiskInfo inatosha. Kwenye Linux na macOS ipo smartctl, ambayo kwa diski za USB mara nyingi huhitaji kuongezwa -d sat. Usihangaike na orodha nzima. Namba 5 hueleza sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa na sekta za akiba, namba 197 hueleza sekta zinazosubiri uamuzi kwa sababu zimeshindwa kusomeka, na namba 198 hueleza zile zilizoshindikana. Hizi tatu zikiwa sifuri, hofu ipungue. Zikiwa na thamani, hasa 197, diski inaanza kuchoka na muda wako si mwingi. Namba 199 ina hadithi yake: huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi inayoizungumzisha, kwa hiyo ikipanda wakati nyingine zimetulia, shuku muunganisho kabla ya sahani. CrystalDiskInfo huonyesha thamani ghafi kwa mfumo wa heksadesimali, yaani wa kuhesabu kwa kumi na sita, isipokuwa ukibadilisha mpangilio, hivyo 10 unayoiona hapo ni 16.

Neno zuri juu kabisa ya programu hiyo, linalosema kwamba afya ni njema, lisikutulize kupita kiasi. Diski huweza kufa ghafla bila SMART kuonya, na kuna bodi za USB zisizopitisha taarifa hizo kabisa.

Nakili, kisha ndipo ufikirie

Kama folda zinafunguka japo kwa kusuasua, nakili kwanza vile visivyoweza kupatikana tena popote: picha, kazi ulizoziandika, hesabu. Filamu na programu zinazopakulika upya zisubiri. Usichague diski nzima na kuburuta kwa mkupuo mmoja, maana Windows ikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana hapo, na wakati huo diski inateseka kwa faili ambayo huenda huihitaji.

Kama folda hazifunguki, au SMART imetoa onyo, njia bora ni kutengeneza taswira ya diski, yaani faili moja kubwa yenye kila sekta kama ilivyo. Chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hii ni GNU ddrescue, ambacho ni cha bure na huendeshwa kwenye Linux; mtumiaji wa Windows anaweza kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye fleshi bila kusakinisha chochote. Uhodari wake uko kwenye mpangilio: badala ya kukwama kwenye sekta mbovu, huziruka, husomba kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye mabaki kidogo kidogo. Kila hatua huandikwa kwenye faili ya ramani, hivyo umeme ukikatika au diski ikijitoa, ukianza tena itaendelea pale ilipoachia.

Tambua kwanza jina la diski kwa lsblk, ukitazama ukubwa na aina yake. Tuseme ni /dev/sdb, na diski nyingine isiyo na hitilafu, ya kupokelea, imewekwa kwenye /mnt/okoa. Amri ya kwanza ni hii:

sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

Alama ya -n huiambia isichokonoe sehemu mbovu katika mzunguko huu. Ikimaliza, na kama bado kuna sehemu ambazo hazikusomeka, endelea na hii:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

Soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Chanzo hutangulia na kituo hufuata. Wakati wa kunakili kutoka diski hadi diski, ukizigeuza utakuwa umeandika utupu juu ya data zako kwa mikono yako mwenyewe. Diski ya kupokelea iwe na nafasi kubwa kuliko ukubwa wote wa diski mbovu, si kuliko faili zilizomo tu, na isiwe ya FAT32, kwa kuwa mfumo huo haukubali faili moja inayofikia gigabaiti 4.

Uwe na subira. Kwa megabaiti 100 kwa sekunde, terabaiti 1 huchukua takriban saa mbili na dakika 47. Kwenye tundu la USB 2.0, kwa megabaiti 35 hivi kwa sekunde, ni karibu saa nane. Na diski yenye sekta mbovu nyingi huweza kudai siku kadhaa. Iweke mahali penye hewa, zuia kompyuta isilale, na tazama kasi inayoonyeshwa. Kasi ikishuka hadi kilobaiti chache kwa sekunde na kubaki hapo, au diski ikianza mlio ule wa "tak, tak", simamisha kazi. Huo ni wakati wa kuamua kama kilichobaki kina thamani ya kumpelekea mtaalamu.

Kurejesha faili kutoka kwenye taswira

Sasa unafanya kazi juu ya nakala, na ukikosea hakuna kilichopotea. Anza kazi na TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, kwa kuandika testdisk diski.img. Hii hutafuta vizigeu vilivyopotea na kutumia akiba ambazo mifumo ya faili yenyewe hujiwekea. Jedwali la vizigeu la aina ya GPT lina nakala yake mwishoni mwa diski. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa kizigeu, na FAT32 kwa kawaida huiweka kwenye sekta namba 6, hatua chache tu kutoka ile halisi. Diski nyingi zilizoandikwa RAW baada ya kuchomolewa ghafla zimeharibika hapo mwanzoni tu, na kurudisha nakala hiyo huzifanya zisomeke zote. Kabla ya kuiruhusu TestDisk iandike chochote, tumia uwezo wake wa kuorodhesha faili: ukiona majina ya folda zako, unaweza kuzinakili kutoka humo humo bila kubadilisha kitu.

TestDisk ikishindwa, PhotoRec ya mtunzi yuleyule huacha kabisa habari za mfumo wa faili na kutafuta faili kwa alama za mwanzo wake. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Itakupa picha nyingi, lakini majina, tarehe na folda havitarudi, na faili zilizokuwa zimetawanyika vipande vipande huenda zikatoka zikiwa na kasoro. Jiandae kwa kazi ndefu ya kupanga. Popote utakapohifadhi kilichookolewa, pasiwe kwenye diski ile ile mbovu.

Utaona kwamba sijaitaja chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, mpaka sasa, na ni kwa makusudi. Chkdsk ni fundi wa rafu na si mlinzi wa vitabu: kazi yake ni kuhakikisha mfumo wa faili uko katika mpangilio unaokubalika, na ili kuufikia hukata viungo visivyoeleweka, hata kama mwisho wa viungo hivyo kulikuwa na faili zako. Masalia hutupwa kwenye folda iitwayo found.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Kwenye kizigeu kilicho RAW hugoma kabisa kufanya kazi. Ukiiendesha bila alama yoyote, kama chkdsk E:, hukagua tu na kutoa taarifa. Ikiongezewa /f hurekebisha, na ikiongezewa /r husoma uso mzima wa diski, mzigo ambao diski mgonjwa haipaswi kubebeshwa. Itumie ukiwa na nakala, na kwa diski ambayo SMART yake ni safi. First Aid ya macOS nayo ina nafasi hiyo hiyo katika mpangilio.

Wakati wa kumkabidhi mtaalamu

Milio ya kugonga, kuanguka, maji, ukubwa wa sifuri, au diski isiyoonekana popote baada ya kubadilisha kebo na kompyuta: hayo hayatibiki nyumbani. Tafuta maabara ambayo kazi yake ni kuokoa data, na uulize maswali ya wazi: kama wana chumba safi kisicho na vumbi cha kufungulia diski, kama hutoa makadirio na orodha ya faili zinazopatikana kabla ya malipo, na kama watakurudishia diski yako ukikataa. Waeleze kila ulichojaribu, hata yale unayoyaonea haya, kwa sababu diski iliyowahi kufunguliwa hushughulikiwa tofauti na ile ambayo haijaguswa. Kwa SSD uokoaji huwa mgumu zaidi, hasa ikiwa faili zilifutwa au diski ilifomatiwa, kwani amri ya TRIM huiruhusu diski kusafisha yenyewe nafasi zilizoachwa.

Hatima ya diski

Faili zikisharudi, zifungue kweli: video ichezwe hadi katikati, waraka usomwe mpaka kurasa za mwisho, faili iliyobanwa ifunguliwe. Kuonekana kwa jina na ukubwa si ushahidi wa kutosha. Baada ya hapo ndipo diski yenyewe ihukumiwe. Ikiwa tatizo lilikuwa kebo au mfumo wa faili na SMART ni safi, ifomati kwa njia kamili, si ya haraka. Tangu Windows Vista njia hiyo huandika sifuri kwenye kila sekta, na hivyo huilazimisha diski kuamua juu ya sekta yoyote yenye shaka. Soma SMART tena baadaye. Namba 197 ikiwa sifuri na namba 5 ikabaki ilipokuwa, inaweza kuendelea kubeba nakala za pili za vitu vilivyopo kwingine. Namba 5 ikiendelea kupanda, iondoe kazini, na usimpe mtu mwingine wala kuitupa ikiwa na data zako: kama bado inaandikika, iandike sifuri nzima, na kama haiandikiki, sahani zake zivunjwe au zitobolewe kabla haijaondoka mikononi mwako.